Kuba la Landers: niliyoyasema kwenye kikao chetu San Diego kuhusu jengo la sauti kule jangwani

Wengi mlikuwa shifti Jumamosi mkakosa kikao, na mmeniandikia niweke hapa nilichoongea. Nimekiweka kama kilivotoka mdomoni. Picha nilizoonyesha ukutani nimeziacha, hazikuwa na maana kubwa, na mwishoni nimeongeza maswali yaliyoulizwa kwa sababu mengine yalikuwa mazuri kuliko hotuba yenyewe.

Shikamooni wazee wangu. Ndugu zetu wa Kongo, jambo yenu. Warundi, amahoro. Wakenya mko wapi, sasa? Na Watanzania wenzangu wa kuchelewa, karibuni, viti vipo huku mbele, msiogope mbele.

Nimeombwa niongee kuhusu lile jengo jeupe ambalo klipu yake imezunguka sana kwenye group yetu, ile ya watu wamelala chini kwenye mikeka halafu mtu anasugua mabakuli yanalia. Kuna dada aliandika pale inashuka presha bila dawa. Kuna kaka akamjibu huo ni ushetani mtupu. Wakabishana siku mbili nzima, admini akafunga mjadala. Na kuna mama mmoja, yuko humu ndani leo na simtaji, alinipigia simu pembeni akaniuliza taratibu, mwanangu, na magoti nayo yanapona?

Mimi nimefika pale. Na mnajua kazi yangu, natunza wazee usiku. Kwa hiyo nitawaambia nilichokiona kwa macho na ninachokijua kutoka kazini, na wa magoti nitamfikia, asiondoke.

Jengo linaitwa Integratron. Liko Landers, jangwa la Mojave, hapa hapa California yetu, kutoka San Diego ni kama masaa matatu ya gari kama hamna foleni. Unapanda mpaka barabara namba 10, unapita pale kwenye mitambo ya upepo, imejaa bonde zima mpaka milimani, halafu unashika 62 inapandisha unafika Yucca Valley. Yucca Valley weka mafuta. Nasema tena, weka mafuta, nunua maji, na aliyebanwa aende chooni, maana ukishashika ile 247 kwenda Landers ni mchanga na vichaka na miti ya Joshua na nyumba moja moja, na simu inaanza kukosa netiweki. Kiangazi joto linapita nyuzi 40 kirahisi tu. Halafu kwa mbali unaona kitu cheupe, kuba, kiko peke yake.

Msije mkategemea kitu kikubwa kama uwanja wa mpira. Urefu wake kwenda juu ni kama mita 11 na nusu, upana mita 17 hivi. Kama umezoea kuona kwenye YouTube utasema, ni haka tu? Ni haka tu. Lakini limejengwa kwa mbao, mbao zimegundishwa na kupindwa, zinapanda zinakutana juu, na pale juu zinashikwa na pete ya zege. Aliyelijenga hakutaka misumari ya chuma wala skrubu. Ardhi ya pale Landers mwaka 1992 ilipigwa na tetemeko la ukubwa wa 7.3, barabara zikachanika, na kuba bado limesimama. Mafundi seremala mlio humu ndani, hicho peke yake kinatosha kuwapeleka mkaangalie.

Sasa swali. Nani anakwenda jangwani kujenga kuba bila misumari, na kwa nini?

Hapa ndo kwenye hadithi, na naomba mnivumilie maana ni ndefu kidogo na ina vituko. Maili chache kutoka kwenye hilo kuba kuna jiwe, linaitwa Giant Rock, jiwe moja lina kimo cha ghorofa saba limekaa tu juu ya mchanga. Miaka ya 1930 alikuja Mjerumani mmoja anaitwa Frank Critzer, mtafuta madini, akachimba nyumba chini ya jiwe. Chini ya jiwe! Akaweka na antena ya redio juu yake. Vita vya pili vikaja, watu wakaanza kusema huyu ni jasusi, 1942 askari wakamfuata, akawa na baruti mle ndani, ikalipuka, akafa hapo hapo.

Huyo Critzer alikuwa na rafiki, George Van Tassel, mtu wa ndege, alifanya kazi kwenye kampuni za ndege, Lockheed, Douglas na kwa Howard Hughes. Huyu hakuwa mtu wa kijiweni, alikuwa fundi anayejua anachofanya. Mwaka 1947 akachukua familia yake akahamia pale kwenye jiwe la rafiki yake, wakakaa kwenye kile chumba cha chini, akafungua kiwanja kidogo cha ndege na mgahawa. Na usiku akawa anawakusanya watu chini ya jiwe wanatafakari.

Mwaka 1953 akatangaza kwamba ametembelewa usiku na mgeni kutoka sayari ya Zuhura. Mnacheka? Mimi nilicheka. Akasema huyo mgeni alimpandisha kwenye chombo chake akampa siri ya kurudisha ujana kwenye seli za mwili. Na kuba, ndugu zangu, ndo hiyo mashine. Akasema ramani yake inatokana na hema la Musa jangwani, na mambo ya Nikola Tesla, yule mvumbuzi wa umeme, na mambo ya injinia mmoja Georges Lakhovsky aliyeamini kila seli ya mwili ina mtetemo wake na ikichoka unaweza kuiamsha kwa mawimbi. Misumari alikataa kwa sababu chuma kingevuruga umeme. Kwa nje kuwe na mtambo wa kuzunguka kukusanya umeme tuli kwenye hewa, watu wapite ndani, watoke vijana.

Pesa akapata wapi? Michango. Kila mwaka alikuwa anaita mkutano wa sahani za angani, yaani vyombo vya wageni wa sayari nyingine, pale kwenye jiwe, watu wakawa wanakuja kwa maelfu, na magari, na ndege ndogo, na watoto. FBI, wapelelezi wa serikali, wakamfungulia faili. Kuba likasimama mwishoni mwa miaka ya 1950, na mashine yenyewe akaendelea kuihangaikia mwaka baada ya mwaka, kesho tunawasha, kesho tunawasha. Mwaka 1978 akafariki ghafla akiwa na miaka 67. Mashine haijawahi kuwashwa kama alivotaka.

Miaka 67. Mtu wa kurudisha ujana.

Sasa kabla hatujamcheka sana Mmarekani wa watu, Watanzania wenzangu naomba niwaulize. Mnakumbuka 2011? Mnakumbuka Loliondo? Nani humu ndani hana ndugu aliyekwenda Samunge kwa Babu kunywa kikombe cha dawa? Naona mikono inaogopa kunyanyuka. Mchungaji mstaafu, Ambilikile Mwasapila, kikombe shilingi 500, na foleni ya magari kilomita na kilomita, mawaziri wamo, matajiri wamo kwa helikopta, wagonjwa wametolewa vitandani hospitali wakapakiwa kwenye gari na wengine wakafia kwenye foleni. Mimi mjomba wangu alikwenda. Alikuwa na sukari. Alirudi ana furaha sijawahi kumuona vile, anacheka, anakula ugali mkubwa, akasema nimepona, dawa akaziweka juu ya kabati. Furaha ile ilikuwa ya kweli, siwezi kumwambia mtu kwamba mjomba alikuwa anaigiza. Ila sukari nayo ilikuwa ya kweli, na sukari haikwenda Samunge, ilibaki pale pale kwenye damu ikimsubiri. Mguu wake mmoja ulikatwa Muhimbili.

Ninachotaka mkishike hapo ni kwamba mtu anaweza kujisikia amepona, na akawa hajapona, na hajakudanganya. Vyote vitatu kwa pamoja. Nyinyi mnaofanya kazi kwenye nyumba za wazee mnalijua hili mnaliona kila siku.

Haya, twende ndani ya kuba.

Baada ya Van Tassel kufa jengo lilipita mikononi mwa watu, na mwaka 2000 likanunuliwa na ndugu watatu wa kike wa familia ya Karl, ndo wanalitunza mpaka leo, na 2018 likaingizwa kwenye orodha ya taifa ya majengo ya kihistoria. Hao ndo wamelifanya kuwa sehemu ya watu kwenda kuoga sauti, yaani kulala chini na kusikiliza mabakuli yakilia. Huwezi kutokea tu ukagonga mlango, unalipia nafasi mapema. Ukifika nje kuna vivuli na machela za kamba za kulala, unasubiri, saa yako ikifika mnavua viatu mnapanda ngazi kwenda juu. Ngazi imesimama sana, wa magoti nakuangalia.

Ghorofa ya juu ni mbao tupu, duara, dirisha ndogo ndogo kuzunguka, na juu kabisa kuna uwazi wa mwanga. Hamna nguzo. Hamna kona. Kumbukeni hilo la kona.

Tulikwenda watu wa humu humu kadhaa, na kabla ya kuanza yule mpigaji wa mabakuli akatuambia jaribuni, mmoja asimame ukutani upande huu, mwingine upande ule, mpeane migongo, nong'oneni. Mimi nikasimama, upande wa pili yuko dada mmoja wa Bukavu, tuko mbali, karibu upana wa jengo zima. Akanong'ona. Wallahi sauti yake ilikuja sikioni kwangu kama yuko begani, nikageuka, yuko kule kule ameupa ukuta uso. Alichosema siwaambii, kilikuwa kinamhusu mmoja wetu aliyevaa soksi zenye tundu, na kwa bahati mbaya naye alikuwa karibu na ukuta akasikia.

Hii siyo Zuhura, ni ukuta. Kwenye chumba cha kawaida sauti ikigonga ukuta inarudi huku na huku, inaingia kona, inapotea kwenye makochi na mapazia. Kwenye duara la mbao ngumu lisilo na kona sauti inatambaa na ukuta inazunguka inafika ng'ambo nzima nzima, na ukisimama katikati kila unachosema kinarudishwa kwako kutoka pande zote kwa wakati mmoja. Nilisimama katikati nikasema tu "haloo", nikaogopa sauti yangu. Ilikuwa nene, kama nimeshikiwa maiki.

Halafu tukalala. Mpigaji ana mabakuli kama ishirini, meupe, madogo kwa makubwa, ya kwatzi, aina ya jiwe angavu. Na hapa kuna kitu kilinifurahisha sana, haya mabakuli asili yake siyo hekaluni wala kwa wahenga wa wapi sijui, asili yake ni viwanda vya chipu za kompyuta, kule wanatumia vyungu vya kwatzi kuyeyushia silikoni, mtu akagundua chungu ukikisugua mdomo kinaimba. Kwa hiyo mnaponiambia hii ni hekima ya miaka elfu nyingi, ndugu zangu, chombo chenyewe ni mtoto wa kiwanda, wengine humu ndani mnamzidi umri.

Lakini anapoanza kuyasugua! Nisikilizeni. Sauti haikuji kutoka pale alipokaa. Unaisikia katikati ya kichwa, halafu inahama iko kwenye fizi, halafu kifua. Nimeuliza na kusoma nikaelewa hivi, sisi tunajua sauti inatoka wapi kwa sababu sikio moja linaisikia kabla ya jingine, tofauti ndogo sana, ubongo unapiga hesabu. Sasa mlio wa bakuli ni mmoja, laini, haukatiki, na kuba linaurudisha kutoka kila upande, ubongo unapiga hesabu unashindwa, unasema basi iko humu humu ndani. Na kile kitu cha kupanda na kushuka, uuu-ooo-uuu, ni mabakuli mawili yanayokaribiana. Moja likitetemeka mara 200 kwa sekunde na jenzake mara 203, wewe utasikia wimbi linalovimba na kunywea mara 3 kila sekunde. Hamna mtu analipiga hilo wimbi. Ni tofauti tu ya mabakuli mawili.

Kujua hivo hakujanipunguzia kitu. Nililala pale nikahisi mikono yangu mizito, taya ambalo sikujua nimelikaza likaachia. Mabakuli yanapigwa kama nusu saa, halafu wanaweka muziki wa taratibu watu wanabaki wamelala. Na wengine wakalala usingizi kabisa, na hapo ndo nikacheka peke yangu mpaka nikang'ata kanga, maana mzee mmoja wa Kizungu alianza kukoroma, na kumbukeni kuba halichagui, linachokifanyia bakuli linamfanyia na mkoromaji. Ule mkoromo ulizunguka ukuta mzima ukarudi ukapita juu yangu. Watu wa pale wanajua, wanakwambia mapema jirani yako akikoroma mguse kidogo.

Sasa, inaponya?

Nitajibu kama mtu wa wodini. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha California hapa hapa San Diego walichapisha utafiti wa watu 62 waliosikilizishwa mabakuli, siyo mle kwenye kuba, ila mabakuli ya namna hiyo, ya chuma yale ya Tibet na ya kristali, yaani ya kwatzi. Waliwauliza kabla na baada. Msongo ulipungua, hasira zilipungua, uchovu ulipungua. Vizuri. Lakini hakukuwa na kundi la pili, yaani watu waliolala tu saa moja kwenye godoro bila bakuli lolote, tuwalinganishe. Na mimi ndo kundi ninalolitaka hilo! Kwa sababu nikiwaangalia nyinyi humu ndani, mama anatoka shifti dabo Ijumaa, Jumamosi anaendesha Uber, Jumapili kanisani anapika, simu inalia nyumbani wanataka ada, nikikuchukua nikakulaza chini saa moja, simu imezimwa, hakuna anayekuita, si utapungua msongo hata nikikuchezea sauti ya jokofu?

Kwa hiyo dada wa presha, presha inaweza ikashuka ukiwa umelala pale, mbona hata kwenye kochi inashuka. Kesho yake asubuhi inapanda. Kidonge kinywe. Wa sukari, pima. Mama wa magoti, magoti yako ni cartilage imelika, namaanisha ile gegedu, haisikii bakuli. Muone daktari wako akupeleke kwa watu wa mazoezi, na kama ukitaka kwenda kule kupumzika nitakupandisha ile ngazi mwenyewe, taratibu.

Mwenye kifafa, mwenye kifaa cha moyo, mjamzito, muulizeni daktari kwanza. Hiyo sibishani na mtu.

Na kuna jingine nataka kulisema, na hapa sitaki kucheka. Yule dada wa Bukavu hakumaliza. Dakika kumi hivi mabakuli makubwa yalipoanza, yale ya mlio mzito unaingia kwenye mbao unakuja mgongoni, alinyanyuka akashuka ngazi. Nikamfuata. Tukakaa kivulini. Nikadhani ameudhika na mkoromo. Akaniambia, miye siwezi kulala chini na watu nisiowajua, macho yamefungwa, halafu chini kunatetemeka. Mnaelewa anachosema. Wengi wenu mnaelewa kuliko mimi. Na wakati tumekaa pale tukasikia kishindo mbali, halafu kingine, kwa sababu hamkuambiwa kwenye klipu kwamba kule jirani Twentynine Palms kuna kambi kubwa ya Marines, wanajeshi wa Marekani, wanafanya mazoezi ya mizinga, na siku nyingine kishindo kinafika mpaka Landers. Nikamuona mkono wake umeshika benchi.

Mtu akikwambia sauti inaponya muulize, sauti gani, na inamponya nani? Ule mlio ule ule uliolegeza taya langu ulimrudisha mwenzangu usiku ambao mimi sijawahi kuuishi. Kwa hiyo tukienda tena, asitokee mtu wa kumlazimisha mwenzie, wala kumwambia huna imani, wala vumilia itapita. Anayetaka kukaa nje akae nje, na mtu akae naye, na maji yawepo.

Yeye mwenyewe aliniambia kitu njiani kurudi ambacho nimekifanyia kazi. Alisema kilichompumzisha siku ile ni pale tulipozima gari kabla hatujafika, kupiga picha, ikawa kimya kabisa, hamna hata ndege.

Mimi nilirudi shifti yangu usiku uliofuata nikasikiliza. Kweli nikasikiliza. Kengele ya kitanda namba fulani, televisheni tatu zote chaneli tofauti, mashine ya kusafisha sakafu saa nane usiku, sisi wenyewe tunaitana korido nzima tena kwa Kiswahili tukidhani wazee hawasikii kwa sababu hawaelewi. Shirika la Afya Duniani linashauri wodini usiku sauti iwe desibeli 30, yaani mnong'ono. Mnong'ono! Florence Nightingale, yule muuguzi maarufu wa Kiingereza, mwaka 1859 aliandika kabisa kwamba kelele zisizo na lazima ni ukatili kwa mgonjwa, na sisi leo na vyeti vyetu tunasukuma toroli linalolia gurudumu mwaka mzima hakuna wa kulipaka mafuta. Kelele za usiku zinahusishwa na presha kupanda, hilo limefanyiwa utafiti kuliko mabakuli. Basi nikapaka gurudumu mafuta. Nikamuomba msimamizi ile mashine ya sakafu ihamie saa kumi na mbili asubuhi. Televisheni, nilianza na mzee mmoja mwanajeshi wa zamani ambaye alikuwa anaamka mara nne mara tano kuita, nikamzimia alipolala, nikafunga mlango. Sijawaambia amepona. Ameita mara moja usiku ule, kutaka maji.

Na nyumbani kwetu je? Nani hapa televisheni yake inazimwa? Tunaingia tumechoka tunawasha, hatuangalii, inaongea tu, mtoto ana tableti, baba ana simu spika juu anaongea na Kigoma, jikoni kuna mahubiri. Halafu tunatafuta dola za kulipia kuba.

Sisemi msiende. Nendeni, mimi nitarudi, napenda pale. Napenda kwamba mtu alitaka kushinda kifo, akashindwa, ila kwa sababu alikuwa fundi mzuri na mkaidi wa misumari akatuachia chumba chenye sauti nzuri kuliko makanisa mengi niliyowahi kuimba. Mkimaliza mpite na kwenye lile jiwe, barabara ni ya vumbi msiende na gari la chini, na mtaona limepasuka, kipande kikubwa kilidondoka mwaka 2000, ndani yake ni jeupe. Watu wamelichora chora rangi, inauma.

Asanteni kwa kunisikiliza.

Maswali yaliyoulizwa, kwa ufupi:

Mzee mmoja aliuliza kama ni ibada. Nilimjibu shehe wetu alikuwepo na mchungaji alikuwepo, wao ndo wa kujibu hilo, mimi ninachoweza kusema ni kwamba hakuna aliyenitamkisha maneno wala kuniinamisha. Utambulisho wa mwanzo unataja mambo ya nguvu za ardhi na sumaku, hayo unaweza kuyasikiliza ukayaacha pale pale. Ambaye moyo wake haujatulia asiende. Mchungaji alisema atafikiri, shehe akasema yeye shida yake ni ngazi.

Watoto je? Wadogo hawaingii, na nadhani ni sawa, mtoto wa miaka mitano mle ndani akilia tutamsikia mpaka Arizona. Anayekwenda na familia wapangane mmoja abaki nje.

Bei? Inabadilika, na wikiendi huwa inajaa mapema, angalieni wenyewe kabla hatujapanga siku. Majina anaandika shemeji yetu wa mezani pale mlangoni, mwenye gari la viti saba ajitaje.

Kijana mmoja akauliza kama tunaweza kukodi jengo lote siku moja, sisi wenyewe, tukaleta ngoma zetu. Huwa wanakodisha kwa vikundi. Ukumbi ukachangamka, kila mtu anataja ngoma ya kwao, mpaka mzee wa Kirundi akanyanyua mkono akasema ingoma zao zikipigwa mle ndani zote kwa pamoja hiyo mashine ya yule bwana itawaka yenyewe na Zuhura tutafika kabla ya chakula cha mchana. Nimeahidi kupiga simu kuuliza.